Moto Tuliouwasha Chini ya Saa ya Vinyago

Hapa Masasi ukitaka kuniona nanyanyuka kijiweni na kusingizia kuna baiskeli ya mtu inangoja kuzibwa pancha, niulize habari za Ulaya. Miaka yote hii nimekuwa nikijibu "kuzuri, ila kuna baridi" na kubadilisha mazungumzo. Leo naisema aibu yangu mwenyewe, maana Mama Bakari (mke wangu) amechoka kuisikia kwa watu wengine, na kila anayeisimulia anaongeza gari moja la zimamoto.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mitumba imeanza kujaa sokoni, kila mtu kajifungulia kibanda, na mimi nina kakarakana kangu ka baiskeli. Kikundi cha ngoma cha Newala kikapata mwaliko wa kwenda kucheza sindimba kwenye sikukuu ya mji mmoja mdogo wa Cheki (nchi ndiyo kwanza imetoka kugawana na Waslovakia, na kwao nako ruksa ilikuwa imeingia), wakawa wanatafuta mkalimani. Sasa mimi zamani nilipelekwa huko miezi minane kujifunza matrekta, na niliporudi watu wakanibandika jina la Mcheki, nami nikalivaa kwa raha zangu. Lugha yenyewe ilishanitoka, nimebaki na salamu, hesabu na majina ya vipuri. Lakini Mzee Nankoma wa Kitangari, mpigaji wao wa ngoma kubwa, mtu ambaye hata nikimwona mbali nashuka kwenye baiskeli nimpe shikamoo, alikuja mwenyewe hadi karakanani.

"Mwanangu, lugha yao unaijua?"

"Naijua, Mzee," nikasema, tena bila kupepesa.

Jamani, ule mji! Ni mdogo, mtu unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini mimi nilisahau hata kufunga mdomo. Kuna ngome juu ya jabali, kama mtu angepandisha jumba la ghorofa nne juu ya hii milima yetu ya mawe hapa Masasi, na mto umeizunguka chini. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, nyingine za njano, nyingine za waridi, na juu ya kila mlango wameandika mwaka ilipojengwa, miaka ambayo hakuna babu wa babu yetu tunayeweza kumtaja aliyekuwapo. Katikati kuna nguzo ndefu ya mawe yenye sanamu za watakatifu, waliyoijenga kumshukuru Mungu tauni ilipowaacha. Uwanja mzima umetandikwa vijiwe vilivyopangwa kimoja kimoja. Mama Fatu, kiongozi wa waimbaji, akavua makubazi.

"Haya mawe yamepangwa na mikono ya watu," alisema, "mimi nitayakanyagaje na makubazi?" Akatembea peku, na Wazungu wakawa wanamwangalia kwa heshima kabisa.

Halafu tukafika kwenye mnara wa saa. Binti wa pale tuliyepewa atutembeze akatusimamisha, saa ikafika kamili, vidirisha viwili vikafunguka juu, na vikatoka vinyago vya mbao, kimoja nyuma ya kingine, vinazunguka, vinainamisha kichwa, vinaingia! Wamakonde sisi, watu wa kinyago, tuliganda. Nilisikia machozi yananilenga, sioni haya kusema. Mzee Nankoma, ambaye kwao wamechonga tangu enzi za mababu, aliinua kofia kidogo akasema taratibu, "Aliyechonga hivi alikuwa na subira."

Na wakati huohuo yule binti alikuwa anaongea. Aliongea sana, anaonyesha mnara, anaonyesha mapaa, ananyoosha kidole chini kwenye uwanja, uso umekuwa mzito. Mimi macho yako kwenye vidirisha, nasubiri labda kitoke kinyago kingine. Alipomaliza akaniuliza kama tumeelewa wote. Nikamjibu ndiyo, ndiyo, tumeelewa. Mzee akaniuliza kasemaje, nikamwambia, "Anasema mji ni wa zamani sana."

Mchana ikanyesha manyunyu. Bado saa moja tupande jukwaani, Mzee Nankoma akaigonga ngoma yake, ile aliyoachiwa na mjomba wake, ikatoa sauti ya godoro. Ngozi imelegea. Kwetu hilo si jambo, unawasha moto, unaipasha hadi ngozi ikaze, unagonga, unasikiliza, unapasha tena.

"Mwanangu, wenzetu hawa moto wanawashia wapi?"

Hapo ningeweza kwenda kumuuliza yule binti, alikuwa hatua ishirini tu. Lakini mimi ndiye Mcheki, nikaulize nini tena? Nikasema, "Popote tu, Mzee, siku hizi huku nako ni ruksa."

Tukakuta makasha ya mbao na majani makavu ya mapambo chini ya upinde wa mnara, pakavu kabisa. Tukawasha. Majani yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, moshi ukapanda wote ukutani, na mara huko juu mnarani likalia tarumbeta. Kwa mshangao wetu tukaona mzee aliyevaa kizamani kachungulia, anapuliza kutuelekea sisi. Mama Fatu akasema, "Wanatukaribisha!", akapiga vigelegele, na wenzake wakaitikia. Mzee wa juu akazidisha tarumbeta, sisi tukazidisha vigelegele. Kisha kengele ya kanisa. Kisha watu wanakimbia, bibi mmoja analia ameshika kichwa, na gari la zimamoto likaingia uwanjani (moja, jamani, lilikuwa moja!) na mpira wa maji ukafunguliwa juu ya moto, juu yangu, na juu ya ngoma kubwa.

Yule binti akaja mbio. Safari hii nilimsikiliza neno kwa neno, nikimwomba arudie polepole. Mji ule uliwahi kuungua mara tatu, mara ya mwisho ikabaki kanisa na huo mnara, na tangu hapo mlinzi hukaa juu kuangalia moto, akiuona anapuliza tarumbeta, na katika uwanja ule hakuwashwi hata kibiriti. Hayo ndiyo aliyotueleza asubuhi.

Mzee Nankoma alikuwa amepiga magoti anaikamua ngozi kwa shuka lake. "Kumbe asubuhi alisema nini?"

"Hayo hayo, Mzee. Sikusikiliza. Nilikuwa natazama saa."

"Hata mimi nilikuwa natazama," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimeacha masikio yangu kwako."

Alinitukana siku ile? Hapana. Afadhali angenitukana.

Meya wa mji alituruhusu tupande jukwaani hivyohivyo, na ngoma ndogo zilizokuwa ndani ya basi. Mzee naye akapanda, akakaa kando ya ngoma yake iliyolowa, mikono magotini. Kila palipofika mahali ngoma kubwa inatakiwa kujibu, waimbaji walinyamaza kuingoja kwa mazoea, na hakukuwa na kitu. Tulipomaliza, uwanja mzima ulipiga makofi hadi nikashangaa.

"Wanasemaje?" Mzee akaniuliza.

"Wanasema imependeza sana, Mzee."

"Na wewe unasemaje?"

"Ilikuwa nusu."

"Basi waambie hivyo."

Nikashika kipaza sauti, nimelowa, meno yanagongana. Kwa Kicheki changu cha kuokoteza nikawaambia kwamba huyu ndiye mpigaji wetu, ngoma yake imelowa, kosa ni langu mimi niliyejifanya nimeelewa, na walichokisikia ni nusu ya sindimba. Halafu watu wa mji ule, mmoja mmoja, wakaanza kusimama, wakamgeukia Mzee Nankoma na kuvua kofia.

Mzee hakuniuliza tena wanasemaje. Mimi tangu siku ile, awe mteja, awe mkuu wa wilaya, awe Mama Bakari mwenyewe, mtu akiniuliza kama nimeelewa na mimi sijaelewa, namwambia sijaelewa, arudie.