Mabati Kumi na Sita ya Epifania

Epifania Nkunzimana alizaliwa Titye, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi. Alipofiwa na mume alikuja Kasulu mjini na sufuria mbili, akafungua mgahawa wa chai na maharage karibu na stendi: banda la miti na udongo, paa la nyasi. Kwa miaka tisa madereva wa malori ya Kibondo hawakupita Kasulu bila kusimama kwake.

Mwaka 1997 mimi ndiye niliyemwambia alibomoe banda lile.

Nilikuwa afisa maendeleo mpya, nimetoka chuoni na hasira ya kuinyoosha nchi nzima. Halmashauri yetu ilitangaza kwamba mfanyabiashara atakayejenga kwa tofali na kuezeka bati kabla ya mwisho wa Septemba atasamehewa leseni na ushuru kwa miaka miwili. Kanuni niliziandika mimi. Nilijua jinsi wakubwa wanavyokula, kwa hiyo niliweka sharti: bila risiti za fundi na za vifaa, hakuna msamaha. Nililipenda sana sharti lile.

"Mama Kipriani, jenga," nilimwambia Epifania. "Safari hii serikali haidanganyi."

Alicheka. "Kwani serikali ni wewe, bwana maendeleo?"

"Ni mimi."

Akaniamini. Mtaji wake wote ukaishia kwenye mabati kumi na sita, aliyoyanunua kwa mtu wa Kibondo aliyekuwa akivunja ghala lake. Kazi yenyewe aliifanya kwa ikibiri, kama wazazi wake walivyojenga: ukiwa na kazi kubwa unawaita ndugu na majirani, unawapikia, unaweka mtungi wa pombe ya ndizi, nao wanakufanyia, kesho ni zamu ya mwingine. Walifyatua tofali, wakachoma, wakajenga huku wakiimba. Shemeji yake, Harerimana, ndiye aliyewaongoza, na utani wake ulisikika hadi stendi. Hata mimi nilipewa mrija. Nilikunywa nikiwasifu kwa umoja wao, na wazo la karatasi halikunijia hata mara moja. Sharti la risiti lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa ofisi, na Epifania hakujua kusoma.

Siku ya ukaguzi, hapakuwa na jengo zuri kuliko lake mtaa mzima. Nikaomba risiti.

"Risiti ya nini?"

"Ya fundi, mama."

Akawaonyesha kwa mkono Harerimana na wenzake. "Mafundi ndio hawa. Waulize."

"Kanuni ni kanuni," nilisema, tena kwa sauti, ili watu waone kwamba amepatikana kijana asiyempendelea mtu.

Mchana uleule nililipitisha duka la mfanyabiashara mwingine, Tamimu. Nusu ya paa lake ilikuwa bado turubai, lakini risiti zake zilikuwa safi, zimepangwa kwa tarehe.

Aibu ilinishika baada ya siku tatu, nilipopita kwa Epifania akaniamkia vilevile, kwa kupiga makofi taratibu kama anavyoamkiwa mtu wa heshima. Nikaenda kwa mkuu wangu, Nicodemus, kumwombea. Akanisogezea zile kanuni.

"Mwandiko wa nani huu, kijana?"

"Wangu, mzee."

"Haya. Na orodha ya waliosamehewa uliitia sahihi wewe. Imekwisha kwenda mkoani."

Januari leseni ikadaiwa. Epifania hakuwa na akiba. Fedha yake yote ilikuwa juu ya paa, na mnunuzi wa mabati alipatikana siku ileile. Watu walewale wakarudi, safari hii bila mtungi wala wimbo. Nilifika wakishusha bati la tano. Mizigo ya nyasi ilikuwa imelazwa kando ya barabara. Sikujua la kufanya, nikashika ngazi.

Harerimana akanitazama kutoka juu. "Bwana maendeleo, na hii kazi ya kushusha inataka risiti? Tuambie mapema!"

Watu wakacheka, kicheko kifupi.

"Shemeji, mwache mtoto wa watu," Epifania akasema. "Karibu chai, bwana maendeleo."

Nilitamani anitukane. Akanimiminia kikombe, akaongeza sukari kama alivyojua nipendavyo. Manyunyu yakaanza, yakaniangukia pale nilipokaa, palipokuwa pameondolewa bati. Upande wa pili paa lilikuwepo bado. Sikuthubutu kuhamia huko.