Karatasi ya Mabingwa Wawili

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamsifu kwa upole. Wanaomsifu hawajaolewa naye. Mtu huyu alichukua cherehani yangu, iliyokuwa ikilisha watoto, akaibadilisha na ubao wa sataranji. Hakuniuliza. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta mfalme na askari wake wamejipanga pale ilipokuwa mashine yangu.

"Usilie, mama watoto," akaniambia. "Kuna mashindano ukumbini. Zawadi ni cherehani mpya ya kukanyaga, kichwa na meza yake. Nitakuletea iliyo bora kuliko ile kuukuu."

Nikangoja, maana ningefanya nini?

Ugonjwa wake ulikuwa mwanzo wa mchezo. Akianza mchezo vibaya, anakuwa ameshakwisha kabla chai haijapoa. Akatafuta dawa: karatasi yenye mchezo wa mabingwa wawili, hatua kwa hatua. Mchezo wenyewe uliisha sare.

"Si bora ungetafuta wa aliyeshinda?" nikamuuliza.

"Aliyeshinda alikutana na aliyekosea. Hawa hakuna aliyekosea. Mwanzo wao ni maji safi."

Mimi sikusoma, nikarudi kwenye sufuria zangu. Akaikariri karatasi ile kama sala. Hata akinyoa alikuwa anakariri. Mteja mmoja alitoka na kichwa nusu kipara nusu msitu, eti farasi alikuwa bado hajafika mahali pake.

Siku ya fainali akakutana na muuza nyama. Huyo hakuwa na karatasi wala adabu. Aliburuta askari wake kama anavuta mbuzi. Mara akamwacha malkia wake mbele ya farasi wa mume wangu, wazi kabisa. Ukumbi ukaguna. Hata mimi niliona, kwa sababu nimelala chumba kimoja na farasi yule miezi mingapi sijui. Nikakohoa. Nikakohoa tena, nusura niteme mapafu.

"Mama watoto, kanywe maji," akasema bila kuinua macho, akasogeza askari wa pembeni.

Akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa karatasi. Kisha akanyoosha mkono na kutabasamu.

"Sare?"

Muuza nyama aliudaka mkono ule ungali hewani.

Tulipotoka nje nikamshika shati. "Malkia hukumwona?"

"Nilimwona. Lakini kwenye karatasi hayupo pale."

Zawadi ikagawanywa. Muuza nyama akawahi kichwa cha cherehani, sisi tukaachiwa meza. Mume wangu akaizunguka, akaipapasa, akasema itafaa sana kuwekea ubao.

Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta mkokoteni. Meza haikuingia kwangu kabisa; niliipeleka moja kwa moja kwa mke wa muuza nyama.

"Jamani shoga, umeniletea miguu!" akapiga vigelegele mlangoni. "Kichwa bwana amekilaza kitandani, tunalala watatu."

Tukakiinua sisi wawili, tukakifunga juu ya meza. Siku hizi yeye anakata, mimi nakanyaga, na wateja tunao. Waume zetu wamekaa nje, kila mmoja anamwambia mwenzake ndiye apike. Samahani sijaombwa mpaka leo, wala siiulizii; nina sare za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu.