Posa Iliyongoja Kamera

Mdogo wangu wa kiume aliweza kukueleza kila kitu kuhusu simu ambayo haikuwepo. Katika chumba chake cha kupanga kule mtaa wa Dallas, mjini Embu, alikuwa akitazama video za vijana waliodai kwamba wameona picha zilizovuja. Asubuhi alinipigia mbio mbio kama mtu aliyeona ajali. "Dada, kamera wameihamisha katikati!" Wiki iliyofuata kamera ilikuwa imerudi pembeni, naye akanitangazia hilo pia kwa furaha ile ile.

Mwaka huo alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, kwao Kanyakine. Baba yetu kule Gachoka alikuwa ameshatenga mbuzi wa mahari. Aliyekuwa hayuko tayari ni mwenye kuoa.

"Tungoje simu itoke," alituambia. "Picha za posa ni za maisha yote. Hiyo kamera inaona gizani kama paka."

Baba, ambaye simu yake ni ya vitufe na tochi, akamwuliza itatoka lini.

"Wanasema mwezi ujao."

"Kina nani wanasema?"

"Watu wa mtandao."

Mwezi ujao ukafika, ukapita. Watu wa mtandao wakasema mwezi mwingine, na safari hii simu ilikuwa inakunjwa mara mbili kama leso. Mbuzi mmoja akazaa. Mchumba akanipigia mimi, hakumpigia yeye.

"Dada, niambie ukweli. Kuna msichana mwingine?"

Nikamwambia hakuna, ni simu. Akasema afadhali angekuwa msichana, maana hilo angejua namna ya kumweleza mama yake.

Nikamwambia baba. Baba akapanga siku na wakwe bila kumwuliza mwanawe, na siku ilipofika tukaenda. Tulipokuwa njiani ndipo tulipogundua kwamba ndugu yangu, bwana picha, alikuwa ameuza hata simu aliyokuwa nayo, eti bei isije ikaanguka ile mpya ikitoka.

Kanyakine kulikuwa na baridi na ukungu juu ya majani chai. Baba mkwe, mkulima mwenye sauti ya chini, alikuwa ameshasimuliwa mambo yote na mkewe. Tulipomaliza kula akamgeukia ndugu yangu.

"Kijana, nasikia uko na simu kali. Hebu tuone."

"Bado haijatoka, mzee."

"Lakini unaijua?"

Hapo ndugu yangu akasahau kwamba yuko ukweni. Alisimama, akaeleza kioo, akaeleza betri, akaonyesha kwa viganja jinsi inavyokunjwa. Wazee walimsikiliza kwa utulivu ambao hata mchungaji wetu hajawahi kuupata.

"Na hizo picha zake ulizoziona," mzee akauliza, "alizipiga nani?"

"Hakuna aliyepiga, mzee. Zimechorwa na kompyuta."

"Kwa hivyo umeuza simu, ukabaki na mchoro." Akanywa uji, hana haraka. "Na huyu msichana wangu, umemwona mwenyewe, ama na yeye ulionyeshwa mchoro?"

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni mchumba mwenyewe, akafuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya furaha. Ndugu yangu aliketi polepole. Picha za siku hiyo zilipigwa na shangazi wa msichana, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kidole gumba chake kimo katika kila moja.

Simu ilitoka wakati hao wawili wameshaoana. Tulikusanyika sebuleni kwao kutazama uzinduzi. Haikukunjwa hata mara moja. Kamera zilikuwa pale pale zilipokuwa siku zote. Kipya kilikuwa ni rangi, waliyoipa jina refu sana, na ambayo sisi watu wa Gachoka tunaiita vumbi.

Ndugu yangu alitazama hadi mwisho, nikadhani amepona. Kisha akakohoa.

"Hii ni ya kupitisha muda tu. Ile inayokuja sasa..."

"Inayokuja ni mtoto," mkewe akasema.

Ndivyo tulivyopata habari, ndugu yangu pamoja nasi. Nikainuka kwenda kuweka chai.