Yuditha Hakuwa Mgonjwa

Sokoni Kiboriloni, Yuditha alijulikana kwa kusema kweli hadi ikamtia hasara. Mteja akishika mkungu wake wa ndizi mshare na kuuliza kama zinafaa mtori, supu ya ndizi na nyama, alimjibu, "Hizi hapana. Nenda kwa Gladness pale, zake ni nzuri." Mumewe, Eliufoo, alikwisha kuzoea kuona ndizi zikirudi shambani kwao kihambani kama zilivyotoka.

Kwa hiyo siku wakala wa bima, kijana anayeitwa Ebenezeri, alipofika mezani pake kumwandikisha bima ya kulazwa, Yuditha alimjibu bila wasiwasi.

"Shikamoo mama. Una ugonjwa wowote?"

"Marahaba. Sina, Mungu ni mwema."

"Umewahi kulazwa?"

"Kwa kujifungua tu."

"Huo si ugonjwa, mama."

"Ndivyo ninavyosema, mwanangu."

Alipokuwa akijibu, alitoa kidonge cha presha kwenye pindo la kanga, akakimeza kwa chai mbele ya macho ya kijana yule. Ebenezeri alisubiri ameze vizuri, akaendelea na swali linalofuata.

Kwa Yuditha ugonjwa ni kitu kinachomlaza mtu. Presha alitembea nayo miaka yote, akapanda nayo mlima, akaimba nayo kwaya. Goti lililouma mvua ikikaribia lilikuwa goti tu, na ganzi ya vidole ilikuwa vidole tu.

Kisha ukaja msiba wa mjomba wake, na katika shughuli za kupikia waombolezaji Yuditha akasahau dawa zake. Baada ya mazishi alirudi sokoni, akainama kuinua mkungu, akaanguka nao. Akalazwa hospitali mjini, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Binti yake, Kindness, akapeleka madai kwa kampuni ya bima. Jibu likaja kwenye simu: ombi limekataliwa, mteja alificha ugonjwa wa presha.

Kindness alisoma kwa sauti. Yuditha akamwambia asome tena, na binti akasoma tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Pesa wabaki nazo," Yuditha akasema. "Hilo neno ndilo sitaki. Mimi nimeficha nini?"

Kesho yake alivaa kitenge cha Pasaka, akamchukua Eliufoo, wakashuka hadi ofisi ya kampuni, ghorofani katikati ya Moshi. Wateja walijaa kwenye mabenchi. Meneja, dada mpole wa Bukoba anayeitwa Theopista, aliwapa viti mbele ya meza yake.

"Mama, kabla ya kujiunga ulikuwa unameza dawa za presha?"

"Kila siku."

"Lakini ulisema huna ugonjwa."

"Dawa nameza ili nisiugue. Sasa kama siugui, niseme naugua?"

Theopista aliisoma tena fomu yake. Akamwangalia Eliufoo, ambaye alikuwa akiangalia feni.

"Basi tuanze upya, mama yangu. Niambie chochote kinachokusumbua mwilini, hata kama ni kidogo."

"Chochote?"

"Chochote."

Yuditha akajiweka sawa kwenye kiti, akaanza na surua ya utotoni. Akaja kwenye jino alilong'olewa na baba yake mdogo kwa koleo, akaeleza goti, akaeleza vidole, akaeleza kiungulia anachopata akila kiburu cha ndizi na maharage jioni, na jinsi moyo unavyomwenda mbio kila anapomwona shemeji yake wa Uru. Theopista aliandika kwenye kompyuta bila kuinua kichwa. Mabenchi yalimsikiliza kama kanisani mtu anapotoa ushuhuda.

Alipofika kwenye kukosa usingizi, akasimama mzee mmoja, Basili, mkulima wa kahawa wa Kibosho.

"Samahani, meneja. Mimi niliandikwa sina pumu."

"Na unayo, mzee?"

"Sasa hivi ninayo kwa sababu ya ngazi zenu. Ila hata kabla ya ngazi nilikuwa nayo."

Kabla Theopista hajamjibu, mama mwingine akanyoosha mkono. Alikuwa Bernadetha, muuza mitumba. Ana kisukari, akasema, lakini hakukitaja kwa sababu alikirithi kwa mama yake, akadhani kinahesabika kuwa cha mama. Mlinzi akaacha mlango akaja kueleza habari za ngiri yake. Mtu fulani nyuma akasema "Amina." Watu wakaanza kupanga foleni.

Ndipo Eliufoo naye akasimama. "Sikio langu la kushoto halisikii."

Yuditha akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu Kindness alipoolewa."

"Upande wa kushoto ndiko ninakokaa mimi kanisani. Na mezani. Na kitandani."

"Ndiyo," Eliufoo akasema, akaketi.

Katikati ya hayo Ebenezeri akaingia na begi lake. Kabla hajasalimu, meneja akamuuliza kama naye, kwa kuwa ni mteja wa kampuni, ana lolote la kusema. Kijana akatazama chini.

"Vidonda vya tumbo, dada."

"Nani alikuandikisha wewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilijiuliza, nikajijibu hapana."

Theopista akapiga simu Dar es Salaam. Bosi wake alisikiliza, akasikia pia sauti ya mzee Basili akikohoa kwa mfano. Kisha akatoa agizo: mama huyo alipwe, na wengine waambiwe ofisi imefungwa kabla hawajakumbuka zaidi. Saa nne asubuhi mlango ukafungwa. Watu walishuka ngazi wakilinganisha dawa zao.

Malipo yakaja, lakini ujumbe ulisema mteja alisahau. Yuditha akaukataa, kwa sababu hakusahau. Wakaandika hakutaja, akasema hakuulizwa. Mwishowe ukaja mwingine: mteja na kampuni hawakuelewana. Huo akaukubali, akamwambia Kindness awasomee wanawake wa sokoni.

Jumapili Ebenezeri alipanda Old Moshi, nyumbani kwa Yuditha, na jani la isale mkononi, kama Mchagga aliyelelewa vizuri anavyoomba radhi. Yuditha alilipokea kwa mikono miwili, akampakulia mtori, usio na pilipili kwa ajili ya tumbo lake. Wakaandikishana upya, presha na goti vikiwemo, na ada ikapanda. Yuditha hakubisha.

Mwezi uliofuata alienda kliniki kuchukua dawa. Nesi akamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi," Yuditha akasema, akanyoosha mkono apimwe presha.