Spinachi Iliyokesha Ramadhani

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha majaribio ya mboga Bagamoyo nilidhani nimeletwa gerezani. Nilikuwa nimetoka Miono, nilikokuwa msaidizi wa bwana shamba, nimezoea kazi ya juani. Hapa nikaoneshwa ghala la zamani la mawe, kuta nene, madirisha madogo yenye nondo, na ndani yake makasha ya udongo. Juu ya makasha zilining'inia taa ndefu za mirija, nyeupe, za kuumiza macho.

"Shikamoo, Bwana Mkuu," nilimwamkia Mkuu wa Kituo.

"Marahaba. Shamba lako ndilo hili, Sefu. Jua lake utaliwasha na kulizima mwenyewe."

Nilipomsimulia mama alicheka sana. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, nami ni mwanawe wa pekee. Uhamisho ule niliuomba kwa machozi ili niwe karibu naye, nimlishe, nimgeuze, nimsaidie kutia udhu. Kazi ya ghalani ikifa ningerudishwa Miono, na yeye angebaki na nani?

Vijana mtauliza, pwani ina jua la kumwaga, taa za nini? Spinachi ya kizungu, iliyotakiwa na mahoteli ya ufukweni kaskazini ya Dar, haikuweza joto letu. Ghala lilikuwa na ubaridi, lakini giza. Mche ukikosa mwanga hurefuka, ukawa mwembamba na majani ya njano, unanyoosha shingo kutafuta dirisha. Tulizishusha taa karibu, majani yakawa mapana, ya kijani kilichokolea. Ukizishusha mno, ncha zinababuka. Nilipima kwa mgongo wa mkono. Nikihisi vuguvugu, nazipandisha kidogo. Hata leo naikumbuka kwa hamu harufu ya ghala lile asubuhi, udongo mbichi na majani machanga.

Hatukuwa na chombo cha kuzima taa chenyewe. Mchana ziliongezea mwanga wa madirishani, na magharibi ikiingia ziliendelea peke yake hadi isha. Nikisikia adhana ya isha nazima, nasali palepale, nakwenda kwa mama.

Ramadhani ikaingia. Sikutaka kuikosa tarawehe msikitini, nikamwomba Bwana Mkuu nizime mapema kabla ya kwenda mjini.

"Hapana," alisema. "Mimea ipate mwanga wake hadi isha. Ukitoka kusali, pitia uzime."

"Lakini Bwana Mkuu, tarawehe yetu ni ndefu."

"Sala ni sala, Sefu. Kwani itakuwa ndefu kiasi gani?"

Alikuwa mtu wa bara, tena Mkristo. Hakujua kwamba msikiti wetu ulihitimisha msahafu mzima ndani ya mwezi, na imamu wetu hakuwa na haraka hata kidogo. Basi amri ni amri, nikawa nazima nikitoka, saa nne za usiku na zaidi, miguu imekufa ganzi.

Kabla ya Idd spinachi ikaanza vituko. Badala ya kutanua majani ilichomoa bua katikati, bua likapanda, likatoa maua. Jani ukilitafuna, chungu. Na kwenye makasha ya pembeni, mchicha wetu wa kawaida, tuliouotesha kwa kulinganisha tu, ulitoa majani kama viganja, wala hauna habari ya kuzaa mbegu.

Bwana Mkuu alichuchumaa mbele ya makasha. "Siku hizi unazima saa ngapi?" Nikamwambia. Akashika kichwa, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Spinachi ikiona siku ndefu hudhani kiangazi cha kwao kimefika, inakimbilia maua. Mchicha ni kinyume, siku fupi ndiyo huuambia uzae. Tumeipa spinachi kiangazi cha Ulaya, Sefu, kwa tarawehe!"

Lakini baada ya Idd alikuwa anakuja Bwana Mkurugenzi kutoka Dar kuamua kama ghala liendelee. Niliogopa kupita kiasi. Nikimgeuza mama nilikuwa nikimficha uso.

Mkurugenzi alipoyaona maua yale alikunja uso. "Nani anazima taa hizi?"

Kabla sijafungua mdomo, Bwana Mkuu alijibu, "Saa za taa nilizipanga mimi. Huyu alinitii tu, tena alinitahadharisha."

Ghala likafungwa, na Bwana Mkuu akahamishiwa mbali, bara. Aliomba jambo moja tu, kwamba mimi nibakizwe Bagamoyo kwenye vitalu vya nje. Akakubaliwa. Siku anaondoka nilimpelekea mchicha wa nazi, salamu za mama. Aliula kwa mkono, amesimama kando ya mizigo yake, akasema hajapata kuonja mtamu kama ule.

Baada yake nilitumikia wakubwa wengi, Kaole na Makurunge, mpaka nikastaafu. Wapo walionifundisha mengi zaidi, na wapo waliopanda vyeo vikubwa. Lakini nikiinua mikono kuomba dua, yule wa ghalani ndiye anayenijia kwanza.

Mwaka mmoja tu baada ya Bwana Mkuu kuhamishwa, nikiwa kitaluni, jirani alinijia mbio. Nilikimbia kwa miguu hadi nyumbani, nikamkuta mama angali na pumzi. Nilimtamkisha shahada, nikamfumba macho kwa mkono wangu. Ningekuwa Miono, ningekuta kaburi.