Mama wa Samuye Mbele ya Klabu ya Wafanyabiashara

Niliporudi Shinyanga na stashahada yangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, suti ya kijivu mwilini, ofisi ya elimu ya wilaya haikuwa na mwingine kama mimi. Nasema hivyo bila haya. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nilijisomesha ughaibuni kwa kuosha masufuria ya hoteli. Kwa hiyo klabu ya wafanyabiashara wa mjini, iliyokuwa ikisaidia shule zetu, ilipotaka kusikia tumefikia wapi, mkubwa wangu hakuhangaika kutafuta msemaji.

Klabu hiyo ndiyo iliyotoa mafuta ya taa kwa madarasa ya jioni ya watu wazima, na baadhi ya wanachama walikuwa wameanza kunung'unika kwamba yanaungua bure. Yakikatwa, darasa la kijiji cha Samuye lingefungwa, maana mchana akina mama waliosoma hapo walikuwa kwenye mashamba ya pamba.

Nilihutubia vizuri sana. Watoto waliofaulu, vyoo vilivyojengwa, mashamba ya shule, vyote nilivipanga kama askari kwenye gwaride. Halafu nikamsimamisha mama mmoja wa Samuye, mwanafunzi wetu bora, asome kitabu cha darasani.

"Kitabu amekikariri huyo," alisema mwenye duka la baiskeli, mzee aliyekuja kutoka pwani zamani. "Mpe gazeti."

Mama akasoma habari ya wakulima wa pamba, kwa lafudhi yetu ya Kisukuma, bila kukwama. Ghafla akanyamaza. Akaruka neno, akaendelea. Mbele kidogo akaliruka tena.

"Si nilisema?" Mzee alicheka. "Mafuta yetu hayo!"

Nikachungulia gazeti. Neno lenyewe lilikuwa jina la mkulima aliyesifiwa. Kusoma ughaibuni hakukunisahaulisha mila za Usukuma. Nilielewa papo hapo.

"Mama, ni jina la mkweo?"

Akainamisha kichwa. Nikawaeleza wanachama kwamba kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, hata likiwa la mtu mwingine kabisa.

"Afisa, una maneno wewe!" alisema mzee. "Ulisomea uwakili?"

Ukumbi ukacheka. Mama hakucheka. Alipiga goti mbele ya yule mzee.

"Shikamoo baba. Naomba chaki. Mdomo wangu ndio uliokatazwa, mkono haujakatazwa."

Akaliandika jina lile kwa herufi kubwa kwenye ubao wa ukumbini, akageuka. "Sasa soma wewe, baba."

Mzee akavaa miwani, akatazama gazeti, akatazama ubao. Akalisoma. Lilikuwa lenyewe.

Mwenyekiti wa klabu, Mhindi mwenye duka la vitambaa, akainuka. "Mama yangu ana wajukuu," alisema, "na mpaka leo hajatamka jina la baba. Akimwita anasema, 'Unasikia?' Mnataka kuniambia yeye hamjui mumewe?"

Akagonga meza.

"Mafuta yaendelee."

Aliyepeleka pipa Samuye ni yule yule mzee wa baiskeli, kwa gari lake mwenyewe, na akina mama walimpokea kwa vigelegele.

Watu husema hotuba yangu ndiyo iliyookoa darasa lile, nami sikatai. Ilikuwa hotuba nzuri. Lakini nikisali, ninaowashukuru ni yule mama na mwenyekiti.