Mgeni Aliyepewa Kisu

Juzi nilimpa kisu binti aliyekuja hapa Didia kutafiti mila zetu. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, unamtumikisha mgeni!" Hata mimi niliwahi kudhani hivyo.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja uwanja wetu ulinuka viazi vibichi. Msomi mmoja alikuja kumwuliza bibi yangu habari za dawa zake za uzazi. Bibi akampa kisu. "Kata viazi hivi kwanza, baba, tuvianike viwe michembe."

Nikamhurumia, maana mimi nilikatishwa viazi nilipokosa adabu. Alikata vinene kama soli za viatu. Bibi akacheka, "Hivi vitakauka ukiwa na wajukuu!" Naye akacheka, akaendelea kukata mpaka ungo ukajaa.

Ndipo bibi akazungumza. Alimweleza mengi, akamtajia na mzizi mmoja wa dawa hizo, kisha akasema, "Ila ule mzizi ni wa binti zangu. Usiuandike."

"Siandiki, mama," akajibu, na kweli hakuandika.

Kumbe hakuwa anaadhibiwa. Bibi alikuwa anamwangalia kama anaweza kukaa na watu.

Binti wa juzi naye aliniuliza habari za mzizi. Nikamwambia, huo hapana. Akaweka kalamu chini, akachukua kiazi kingine.